Pindo Nililoshona Kwenye Namba ya Mbio

Haya ya leo nimeambiwa na mjukuu wangu mwenyewe, Jumapili iliyopita, saa nane na robo mchana, miguu yake ikiwa ndani ya beseni la maji ya chumvi na mimi nimekaa chini namsugua visigino. Nusu ya kisa alikuwa nayo yeye. Nusu nyingine nilikuwa nayo mimi, na yeye hakujua.

Kwa msomaji aliyechelewa kufika: mimi ni bibi wa miaka sitini na tisa, fundi cherehani wa sare za shule, na darasa langu la mwisho lilikuwa la tatu. Naishi na mume wangu, ambaye mwaka juzi alipooza upande wa kulia na maneno yakampungua, pamoja na huyu mjukuu, ambaye mama yake alituachia akiwa na miaka minne akasema anarudi. Sasa mtoto ana miaka ishirini na miwili. Anafanya kazi kiwanda cha mikate, anasimama saa tisa kwa siku akitia mikate mifukoni, na kabla ya kwenda kusimama anakimbia.

Klabu ya idara ya maji inatafuta wasichana watano. Ukichukuliwa unapewa ajira na chumba cha kulala, na kazi yako inakuwa kukimbia. Watawachagua kwenye marathoni nzima, kilometa arobaini na mbili, wiki sita kutoka sasa. Lakini husimami kwenye mstari wa marathoni nzima mpaka jina lako litoke kwanza kwenye matokeo ya nusu marathoni, chini ya saa moja na dakika thelathini na tano. Nusu hiyo ndiyo ilikuwa Jumapili.

Toleo lililopita niliishia Jumamosi jioni, mtoto amelala mapema, na mimi nimekataa pini.

Alikuwa ameniachia mezani fulana yake ya mbio, namba ya kifuani, na pini nne. Akasema, bibi, bandika tu, usijichoshe. Lakini mimi pini kwenye fulana nzuri siwezi. Pini ni kazi ya mtu aliyekata tamaa. Nikaishona kwa mkono pande zote nne, na kwa kuwa ilikuwa imetuna kwa chini, nikaipunguza kidogo, nikaipinda pindo. Ikakaa kifuani kama fulana ilizaliwa nayo.

Nikalala najisifu. Balaa lote la leo lilianza na kujisifu huko.

*

Kocha wake tunamwita Kiraka. Ni mziba pancha, ana kibanda karibu na kituo cha mafuta, na zamani alikimbia mpaka goti likamkatalia. Hamtozi mjukuu wangu hata senti. Anasema anachotaka ni kuona mtu mmoja akifika pale alipoishia yeye.

Kiraka alikuwa amempa maagizo ya ajabu. Alimwambia hii nusu si mashindano, ni siku ya kazi. Kinachoandaliwa ni ile nzima, na kwa ile nzima, Jumapili hii miguu lazima ipate kilometa thelathini. Nusu ina ishirini na moja. Kwa hiyo atakimbia tano kabla ya filimbi, atakimbia mbio zenyewe, na akishavuka mstari atakimbia nyingine nne.

"Usisimame," alimwambia. "Usishike magoti, usipokee kitu cha mtu. Pita, toka lango la nyuma, malizia nne zako. Miguu inatakiwa ijue kwamba mstari si mwisho."

Mimi nilipoyasikia hayo nilisema kwamba nilidhani kuitwa mstari wa mwisho kuna sababu yake. Hakuna aliyecheka isipokuwa mume wangu, kwa upande wake mmoja.

Basi saa kumi na moja alfajiri akawa tayari anazunguka mitaa peke yake, tano zake za kwanza. Saa kumi na mbili wakapuliziwa filimbi.

Aliniambia kazi ngumu haikuwa kukimbia. Kazi ilikuwa kujizuia. Watu walimpita kama wamemwagwa. Alipitwa na mtu mwenye kitambi, akapitwa na mzee mwenye suruali ndefu. Vijana waliokaa ukutani walimwuliza kama anakwenda harusini na kama zawadi ameshika. Yeye macho kwenye saa, mwendo ule ule aliopangiwa, kama mtu anayebeba ndoo kichwani na hataki kumwaga.

Kuanzia kilometa ya saba alipata mwenzake, mwanamke mtu mzima mwenye miwani iliyofungwa kwa kamba, ambaye alisema ni mwalimu wa hesabu. Huyu mama wa miwani alikuwa akihesabu hatua zake kwa sauti, akifika mia anaanza upya. Mjukuu alisema zile hesabu zilimbeba. Waligawana sponji moja kwenye kituo cha maji. Hawakuulizana majina.

Kilometa ya kumi na sita, chini ya daraja la waendao kwa miguu, Kiraka alikuwa anamsubiri juu ya baiskeli. Akasema neno moja tu: fungua.

Akafungua. Aliwapita wale wa ukutani waliokuwa wameingia barabarani kwa mzaha wakiwa wameshika viuno. Akampita mwenye kitambi na mwenye suruali. Ukucha wa kidole kikubwa ulikuwa umeshaanza kuachia ndani ya kiatu, na alisema alikuwa anausikia ukicheza kama kifuniko cha chupa. Alipovuka mstari, saa ya mkononi ilisoma saa moja na dakika thelathini na tatu.

Dakika mbili za akiba. Na hakusimama.

Palikuwa na dada amenyoosha medali kwa utepe wake, tayari kumvisha. Mjukuu wangu alimkwepa kama mtu anavyomkwepa mwuza soksi. Akatokea lango la nyuma, akaingia barabara ya maghala, ambayo Jumapili haina mtu isipokuwa walinzi na mbwa wao.

"Zile nne za mwisho, bibi," akaniambia, "nililia. Si kwa maumivu. Kuchoka tu. Mlinzi mmoja akanifuata akiniambia dada, mbio zimeisha huko, umepotea. Nikampungia mkono, nikaendelea."

Nikabadilisha maji ya beseni. Nilidhani kisa kimeisha na ameshinda. Lakini uso wake haukuwa wa mtu aliyeshinda, na saa nane mchana si saa ya kurudi kutoka mbio zilizoisha asubuhi.

*

Alirudi uwanjani kwa lango lile lile la nyuma, amemaliza thelathini zake. Karatasi za matokeo zilikuwa zimebandikwa kwenye hema. Akasoma kuanzia juu. Akasoma kuanzia chini. Akaweka kidole kwenye kila namba kama mtoto wa darasa la kwanza. Yake haikuwemo.

Akaingia hemani kwa msimamizi, mtu mrefu mwenye filimbi shingoni, akamweleza kwa adabu. Msimamizi akaitafuta namba kwenye kompyuta yake. Akamwambia kwamba barabarani walitandika mikeka minne yenye mashine, kilometa ya tano, ya kumi, ya kumi na tano, na mstarini. Kila mkimbiaji akikanyaga, mkeka unamjua. Mikeka yote minne haikumjua yeye.

Akasema amevuka mstari, ana saa yake. Msimamizi akamwambia saa kila mtu anayo. Akamwuliza medali yake iko wapi.

Akasema hakuchukua.

Watu waliokuwa kwenye foleni wakacheka. Nani anakimbia kilometa ishirini na moja halafu anaikataa medali?

Hapo akajitokeza mmoja wa wale vijana wa kulinda njia, mwenye kizibao cha manjano, akasema anamkumbuka. Alimwona kwa macho yake akitokea barabara ya maghala na kuingia uwanjani kwa lango la nyuma, watu wengine wakiwa bado wanamalizia. Na barabara ya maghala haikuwa njia ya mbio.

Kijana yule hakusema uongo. Ndilo lililouma.

Mjukuu akajieleza kwamba zile zilikuwa kilometa zake za nyongeza. Kadiri alivyoeleza ndivyo alivyozama. Hata yeye aliniambia kwamba alipojisikia akisema "nilikimbia nyingine nne baada ya kumaliza," alijiona ni mwongo.

Kiraka alipofika na baiskeli yake akaambiwa, wewe ndiye kocha wake, ulitarajiwa useme nini. Mama wa miwani alitafutwa uwanja mzima, alikuwa ameshakwenda zake. Na pembeni ya hema alikuwepo bwana wa klabu ya idara ya maji, aliyekuwa anaandika majina ya wasichana waliofuzu. Alisikia yote. Akafunga daftari lake, akaenda kununua maji.

Wakazunguka na hilo mpaka saa sita. Mwisho msimamizi akasema mtu wa mashine ameshafunga vyombo vyake, atakuwepo ofisini kesho, Jumatatu, saa nne asubuhi. Aje na maelezo yanayoeleweka. Asipokuwa nayo, jina lake linaingia kwenye orodha ya waliokata njia, na kwa miaka miwili hatasimama kwenye mstari wowote.

"Mwizi wa njia," mjukuu akasema, akitazama miguu yake ndani ya maji. "Ndivyo wanavyotuita, bibi."

Mimi bado nilikuwa sijaelewa kitu kimoja. Nikamwuliza mkeka unamjuaje mtu. Una macho?

Akanieleza polepole, kama anavyonieleza mambo ya simu. Akasema nyuma ya namba, upande wa chini, kuna ukanda mgumu umegandishwa kwa sponji, na ndani yake kidude chembamba cha rangi ya fedha. Kinaitwa chipu. Hicho ndicho mkeka unachokijua.

Mkono wangu ukasimama juu ya kisigino chake.

Kile kilichokuwa kimetuna. Ukanda wa vidole viwili, mgumu, una sponji. Mbele yake palikuwa na maandishi madogo madogo ya matangazo, nyuma yake kidude kinachong'aa. Mimi niliona ni kama vile vidude vya bei wanavyobandika nguo za madukani. Niliona kitamkwaruza tumbo mtoto kwa kilometa zote hizo. Nikachukua mkasi.

Na mimi fundi situpi kitu. Kifungo, kipande cha zipu, ncha ya uzi, vyote vinaingia kwenye bati langu la biskuti. Bati lilikuwa juu ya cherehani, hatua nne kutoka tulipokaa.

Nikafumbua mdomo nimwambie. Shahidi wangu Mungu, nilifumbua.

Yeye akanitangulia. "Unajua, bibi, toka asubuhi kila mtu ameniuliza kama kweli nilikimbia. Hata Kiraka aliniuliza mara moja, njiani. Wewe peke yako hujaniuliza."

Nikafunga mdomo. Nikaendelea kusugua.

*

Sasa niandike lile ambalo nusura linishinde kuandika, maana nilisema tangu toleo la kwanza kwamba nitasema yote.

Kabla ya aibu, kabla ya huruma, kilinipitia kitu kama ahueni.

Mume wangu hawezi kujigeuza kitandani. Anayemwinua ni mjukuu, asubuhi kabla ya kukimbia na jioni akitoka kiwandani. Mimi magoti yangu yamebaki ya kukanyagia cherehani tu. Klabu ikimchukua atakaa huko, atakuja mara moja kwa mwezi na zawadi za matunda. Na mimi hapa nitabaki na mwanamume mzito na mikono yangu hii miwili. Nilikuwa nimeshayawaza hayo mara nyingi, nikishona, na kila mara nikijikemea.

Kwa hiyo pale niliponyamaza, sitasema niliogopa tu. Kuna mahali ndani yangu palisema: basi atabaki.

Palisema kwa sauti ndogo. Lakini nilipasikia.

*

Saa kumi na nusu Kiraka akaja. Anapobisha hodi hutumia kiwiko, kwa ajili ya mikono yake myeusi. Akamsalimia mume wangu shikamoo akimshika ule mkono mzima, akaketi kwenye kiti cha wateja.

Alikuwa amefikiri. Akasema mikeka minne haiwezi kukosea yote, kwa hiyo kasoro iko kwenye chipu yenyewe. Chipu mbovu zipo. Akaomba aione fulana.

Nilikuwa nimeianika. Nikaileta. Akaigeuza, akaipapasa pindo na kile kidole chake cha kuzibia, na moyo wangu ukaniambia sasa.

"Mama," akasema, "hii kazi yako ni ya kiwanda. Hata mvua haipenyi."

Kwa kuwa pande zote nne zilikuwa zimeshonwa, nyuma hapakuonekana. Nikasema naweza kufumua. Akanizuia kwa mkono. Akasema hapana, hilo ndilo bao letu. Namba haijafunguliwa tangu jana. Kesho waende nayo hivi hivi, mtu wa mashine aifumue yeye mwenyewe mbele ya msimamizi, atoe chipu, aipime. Akiikuta mbovu, kesi imekwisha na jina linaingia kwenye matokeo.

"Na asipoikuta?" nikauliza.

"Isiwepo vipi? Ingekuwa haipo, si tungekuwa tumeitoa sisi? Hapo wangesema tuliificha makusudi, mikeka isijue alipokata njia. Hapo ndipo pangekuwa pabaya kweli."

Akainuka. Akamwambia mjukuu alale, kesho apumzike mbio, Jumanne waendelee na ratiba ya marathoni kama kawaida, maana yeye haamini kama Mungu anaweza kuiharibu miguu ya kilometa thelathini kwa ajili ya kidude. Mlangoni akageuka akasema kwa sauti ya chini kwamba anashuku mkimbiaji mwenzake kamfanyia vitimbi.

"Kikulacho ki nguoni mwako, mama," akaniambia.

Nikamjibu ndiyo, mwanangu. Ndivyo.

*

Mjukuu alimwinua babu yake wakati bado kuna mwanga wa jua, kilometa thelathini mwilini na ukucha umefungwa kwa kitambaa. Akampeleka kunawa, akamrudisha kitini. Mume wangu akampapasa kichwa akasema, "Mchumba." Hilo ni katika maneno ishirini hivi yaliyombakia. Mjukuu akamwambia kwamba akitaka kumwoa sharti ampe talaka huyu mke mwenza fundi, maana anakoroma. Hata siku ile alipata nguvu ya kufanya utani.

Akaingia kuoga. Nikasikia maji.

Nami nikafanya upumbavu mkubwa kuliko wa kwanza.

Nilijiambia: Kiraka amesema kukosekana kwa chipu ndiko pabaya. Basi chipu na iwepo. Nikafungua bati la biskuti. Ukanda ulikuwa humo, chini ya vifungo, unang'aa kama samaki mdogo. Nikafumua pindo kwa wembe, nikaurudisha mahali pake, nikashona juu yake uzi ule ule, matundu yale yale ya sindano. Ukitazama usingejua. Miaka thelathini ya kushona ina faida zake.

Nilipoinua uso, mume wangu alikuwa ananitazama kutoka kitini. Tangu mwanzo mpaka mwisho alikuwa ananitazama.

Mjukuu akatoka, akajitupa kwenye kitanda chake kidogo kilicho nyuma ya pazia, pale pale sebuleni. Nje bado watu walikuwa wanaita wateja, saa kumi na mbili ilikuwa haijatimia. Nikaenda kumfunika miguu. Nilijiona nimetengeneza mambo. Nikamwambia asihofu, kesho watafungua na wataikuta chipu yao mahali pake.

Alikuwa ameshafumba macho. "Usiniombee hivyo, bibi."

"Kwa nini?"

"Wakiikuta mbovu, nimepona. Wakiikuta nzima..." Akapiga miayo, akageukia ukuta. "Ikiwa nzima, na ilikuwa kifuani kwangu, na mikeka haikuiona, basi sikupita. Hakuna maelezo mengine. Hapo hata mimi nitaamini nimekata njia."

Nilisimama na shuka mkononi. Maneno yaliniingia moja moja, kama uzi kwenye tundu dogo. Akili yangu ya darasa la tatu ilifika polepole, lakini ilifika. Nilikuwa nimeshona ushahidi wa kumfunga. Chipu haikuwa mbovu. Ilikuwa imelala salama ndani ya bati wakati yeye anakimbia. Na wa kuliambia hema lile hivyo alikuwa mtu mmoja tu duniani.

"Mwanangu," nikasema. "Amka kidogo. Nina neno."

Pumzi yake ilikuwa imeshabadilika. Nikamtikisa bega. Mtu aliyekimbia kilometa thelathini hatikisiki. Nikamwambia yote hivyo hivyo, mkasi, bati, ukanda, nimeinama sikioni mwake. Nilisema mpaka ile ahueni. Akavuta shuka akalamba midomo kama alivyokuwa akifanya akiwa na miaka minne.

Nikarudi kwenye cherehani. Mume wangu bado yuko macho. Akainua mkono wake mzima, akanyoosha kidole kwenye fulana.

"Fumua," akasema.

Neno hilo sikuwahi kulisikia kwake tangu apooze. Nilidhani lilikwenda na mengine.

Nikamwuliza, nikifumua na nikasema, na yeye akaenda, wewe nani atakuinua? Akatafuta neno, akalikosa, akatafuta jingine, akalikosa. Mwisho akainua bega moja, lile linaloinuka, akafumba macho. Kidevu kikashuka kifuani. Naye akalala, pale pale kitini, maana aliyepaswa kumpeleka kitandani alikuwa ameshalala.

Nikachukua wembe. Nikaanza pindo la chini, tundu baada ya tundu. Ukanda ukatoka, nikaushika kiganjani. Nilipanga nimalize pande zote, niukunje vizuri ndani ya kitambaa, nitafute maneno ya kuanzia asubuhi, kabla ya saa nne. Nilikuwa macho tangu saa tisa alfajiri. Nilijiambia nipumzishe macho nihesabu hadi mia, kama mama wa miwani.

Sijui nilifika ngapi. Najua tu kwamba usingizi ulinikuta nimekaa vile vile, fulana mapajani nusu imefumuliwa, wembe juu ya cherehani, bati la biskuti wazi, na kile kidude cha fedha katikati ya kiganja changu kilichofunguka.

Na katika nyumba yetu anayeamka wa kwanza, siku zote, ni yeye.